Kipande cha Mwinjuma Mndolwa

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mtakaoyasoma haya, nianze na hasira ziishe mapema. Juma lililopita Zuhura, mtoto wa binti yangu, alikuja hapa nyumbani Korogwe macho yamemvimba kwa kulia. Anadaiwa mkopo wa simu ambao hakuukopa. Mtu kachukua namba ya kitambulisho chake, kasajili laini, kakopa, kisha laini kaitupa. Nikamuuliza kitambulisho alimpa nani. Akasema, "Babu, nilimwazima rafiki yangu siku moja tu." Siku moja tu! Nilimfokea mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baadaye niliona haya, maana waliowazoesha watu wa huku kuazimana majina ni sisi, makarani wa mkonge, kabla hata huyo mama yake hajazaliwa.

Mimi naitwa Yusufu Mdoe. Nilikuwa karani wa vipande kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, jina lake silitaji. Niliingia muda mfupi baada ya Uhuru, nikiwa na cheti cha darasa la nane na suruali moja. Nilistaafu nikiwa na suruali mbili.

Kipande, kwa ninyi msiokijua, kilikuwa kadi ngumu yenye vyumba thelathini. Siku uliyofanya kazi, karani anakujazia chumba kimoja. Vikijaa vyote, unalipwa. Ukilegea, ukapitisha muda uliopewa, kipande kinakufa, na jasho ulilokwisha kulitoa linakufa nacho. Sasa mtu yuko chumba cha kumi na nane, anapata habari ya msiba kwao Handeni. Afanyeje? Anamwachia jirani yake wa kambini. Jirani anaitika jina lake asubuhi, anakata mkonge wake, vyumba vinajaa, na mwenyewe akirudi wanagawana. Tuliita kushikiana kipande. Hakuna aliyeuita wizi. Aliyekataa kumshikia mwenzake ndiye aliyeonekana mtu mbaya, na Ramadhani hakualikwa futari na mtu.

Sisi makarani tulijua kila kitu. Nataja Hasani, anaitika Petro, naweka alama. Wenye shamba walitaka mkonge ukatwe na ufike kwenye korona, ile mashine ya kuusaga, hawakuuliza umekatwa na mkono wa nani. Na mimi nilikuwa na kuku wangu wa Idi, wanaletwa wawili watatu wamefungwa miguu, nanyamaza. Msidhani nilinunuliwa kwa bei kubwa.

Mtu mmoja tu hakuupenda mchezo huo, naye ni karani mkuu, Mzee Filipo. Alikuwa mfupi, koti la kaki halimtoki hata jua likichoma namna gani, na alinifundisha karibu kila ninachokijua. Mwezi wangu wa kwanza nilimlipa mtu ujira wa marehemu. Alikuja kijana ana kipande safi kabisa, vyumba thelathini, jina limeandikwa vizuri, nikalipa. Kumbe mwenye jina alizikwa siku tisa kabla. Mzee Filipo hakunitukana. Alinipa daftari lake dogo lenye jalada jeusi akasema, "Wiki nzima hii huingii ofisini. Nenda kambini ukaniandikie makovu."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaangalia wanaume miguu, mikono, nyusi. Mama mmoja alinitolea mchi akiniuliza naitafutia nini miguu ya mumewe. Lakini niliandika: huyu kidole kimepinda, yule kachomwa na moto begani, huyu mama yake anaitwa fulani, yule anakula sufuria moja na fulani. Mwisho wa wiki Mzee Filipo akanikalisha chini. "Sikiliza, Yusufu. Kadi haina uso. Mtu akija na kadi, usimuulize kilichoandikwa kwenye kadi, maana anacho mkononi. Muulize ambacho hakikuandikwa." Zuhura ananiambia siku hizi simu nazo zinauliza jina la mwalimu wako wa kwanza. Mzee Filipo aliyajua hayo akiwa na penseli iliyofungwa uzi.

Alipostaafu aliniachia lile daftari. Nikaliweka kwenye saraka ya meza nikalisahau, kwa sababu kazi ya kuangalia makovu ilinichosha na kuku walikuwa watamu.

Sasa nije kwa Mwinjuma. Mwinjuma Mndolwa alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni, amenizidi kama miaka kumi, mkata mkonge hodari, mtu wa swala tano. Nia yake ilikuwa moja na aliisema kila siku: akusanye kidogo, arudi kwao, alime shamba la baba yake kwa plau, jembe la kukokotwa na ng'ombe, si kwa jembe la mkono. Aliishi chumba kimoja na mtani wake, Mnyamwezi anayeitwa Maganga, mrefu, mcheshi, anayejua kuimba. Mnajua utani wa Wazigua na Wanyamwezi ulivyokuwa: mtani anaweza kuingia kwako akachukua kofia yako, akaivaa mbele yako, nawe ukikasirika unachekwa wewe. Wale wawili walifurahisha kambi nzima.

Baba yake Mwinjuma akafa. Habari ilifika asubuhi tukiwa tunaita majina. Mwinjuma alikuja moja kwa moja mezani kwangu, kipande mkononi, macho mekundu.

"Karani, mzee wangu katutoka. Naondoka sasa hivi. Maganga atanishikia."

"Pole sana, kaka. Nenda ukamzike mzee. Sitakuangusha."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyakumbuka mara nyingi mno.

Alikwenda kwa arobaini, lakini mama yake naye akaugua, akakaa. Maganga alishika kipande kwa uaminifu kabisa, na hili naomba mlielewe, kwa sababu hakuanza kama mwizi. Kipande cha kwanza kilipojaa alimpelekea mwenzake nusu yake kupitia mtu wa lori. Cha pili vilevile. Tukamfungulia cha tatu, jina lile lile. Kila asubuhi kwa miezi mitano nilisema, "Mwinjuma Mndolwa!" na Maganga akaitika, "Yupo!" Mnyapara akawa anamwita Mwinjuma. Wauza uji wakawa wanamwita Mwinjuma. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilipomwona njiani nilisema, "Habari za leo, Mwinjuma," na sikuwa natania.

Mwezi wa sita chama cha ushirika kikaanza kukopesha. Ilikuwa siasa ya wakati ule: watu watoke kwenye vibarua, warudi ardhini, walime pamoja. Aliyekuwa tayari alipewa plau, mbolea na mbegu, atalipa akivuna. Kilichotakiwa ni kipande na barua ya utambulisho kutoka kwa karani wake wa kazi. Foleni ilifika mpaka nje ya ofisi. Maganga akaja, akaweka kipande mezani, nikachukua karatasi nikaandika: "Mwenye barua hii ni Mwinjuma Mndolwa. Ninamfahamu vyema." Nikasaini, nikapiga muhuri, nikaita anayefuata.

Mnaweza kuuliza kama nilijua. Wenzangu waliniuliza, mke wangu aliniuliza. Jibu langu ni kwamba wakati ule mkono uliandika jina ambalo mdomo ulikuwa umelitaja asubuhi ile. Alipofika mlangoni ndipo nilipokumbuka. Nikafikiri, nimwite? Nyuma yake kuna watu arobaini. Nikasema, ah, ni mtani wake, watajuana.

Maganga alichukua plau, mifuko ya mbolea na mbegu, akaviuza vyote, akatoweka. Wengine walisema yuko Tabora, wengine Mombasa. Na mtu asije akaniletea maneno ya kabila hapa. Wanyamwezi wenzake walichanga wakamtumia Mwinjuma shuka na salamu za kuomba radhi. Waliommaliza ni wa kwetu, na wa kwanza ni mimi.

Mwinjuma alizijua habari hizi siku alipokwenda ushirika wa kwao kuomba mbegu. Ulikuwepo pale utaratibu wa daftari la wadaiwa sugu. Nakala yake ilipelekwa kila chama cha jirani, na aliyemo humo hapati mbegu, hapati mbolea, hawezi kumdhamini mtu, hagombei hata ujumbe wa kamati. Karani wa pale alilisoma jina lake kwa sauti mbele ya foleni. Na Mwinjuma, mnadhani alifanya nini? Alicheka. Alisimama pale akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mtani kampata safari hii. Akaenda nyumbani kungoja Maganga aje kumcheka, naye apange namna ya kulipiza, labda kwa kumchukulia mbuzi. Alingoja msimu mzima. Msimu mzima jina lake limelala kwenye daftari lile, hakuna aliyelipinga, na kila aliyepita akalisoma akaona ni kweli.

Kama mnataka kujifunza kitu kwangu, anzieni hapo. Siku ile ile unayosikia jina lako limetumika, simama, nenda, sema si mimi, na useme kwa maandishi. Beba karatasi mbili, moja iachwe pale, nyingine ipigwe muhuri wenye tarehe urudi nayo nyumbani. Maneno ya mdomo karani anayasahau akienda kunywa chai. Nilikuwa karani, najua chai yetu.

Msimu wa pili mtani hakutokea, na Mwinjuma akaona mambo yamekuwa mazito. Alitembea na kupanda malori mpaka Korogwe, akanikuta ofisini saa za mchana, watu wako mashambani. Alikuwa na bati la biskuti lenye karatasi zake zote. Nilimwamkia kwa sababu ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karani, kuna barua yako kule. Inasema mimi nilikuja hapa nikachukua plau."

"Nimesikia."

"Mimi nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimekaa matanga ya baba yangu. Wewe unajua. Nataka uandike barua nyingine. Uandike tu kwamba yule hakuwa mimi. Basi."

Ombi lake lilikuwa dogo hivyo, mistari miwili. Lakini kuandika kwamba yule hakuwa Mwinjuma ni kuandika kwamba kwa miezi mitano nilijaza vyumba vya mtu asiyekuwepo, nikasaini barua ya uongo. Na mwaka ule shamba lilikuwa limechukuliwa kuwa mali ya umma, wakubwa wapya walikuwa wanapekua ofisi zote wakitafuta mambo ya vipande, na makarani wawili wa jirani walikwisha kufukuzwa pamoja na vyombo vyao. Nilikuwa na mke, watoto watatu, na nyumba ya kampuni. Nilikuwa na lile daftari la Mzee Filipo pia, ndani ya saraka iliyokuwa inanigusa goti, na humo imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: "Mwinjuma Mndolwa, Handeni. Kovu nyusi ya kushoto. Mama, Mwanahawa." Maganga hakuwa na kovu popote usoni. Ningelitoa tu lile daftari.

Badala yake nikamwambia, "Kaka, haya mambo ya karatasi yatakusumbua miaka. Wewe lipa kidogo. Peleka chochote, waone una nia njema, watakufuta. Mambo yapoe kwanza."

"Nilipe plau ambayo sijaishika?"

"Kidogo tu. Yaishe."

Aliniamini. Mimi ni karani, nimesoma, yeye alijua herufi chache tu. Alirudi kwao akauza mbuzi wawili wa mama yake, akalipa, akaweka dole gumba kwenye stakabadhi, akangoja afutwe.

Zuhura naye, wiki iliyopita, aliniambia hivyo hivyo. "Babu, si nyingi, nilipe tu yaishe." Nilimfokea mara ya pili siku hiyo, na safari hii sijutii. Deni lisilo lako usililipe hata senti. Ukishalilipa kidogo umelikubali lote, na hutapata tena mtu wa kukusikiliza.

Maana hicho ndicho kilichompata Mwinjuma. Kamati ilipokaa kusikiliza malalamiko yake, mwenyekiti aliinua ile stakabadhi. "Ndugu, kama deni si lako, hapa ulikuwa unamlipia nani?" Watu wakacheka. Mwinjuma akasema alishauriwa na karani wa Korogwe. Kamati, ili ionekane ya haki, ikaniandikia kuniuliza kama ile barua ya utambulisho ni yangu. Nikajibu kwa mwandiko mzuri sana: "Barua ni yangu. Jina ni kama lilivyo kwenye kipande." Someni tena hayo maneno. Hakuna hata neno moja la uongo humo, na nimeona watu wamefungwa kwa uongo usiofikia ubaya wa ukweli wangu ule. Kamati ikafunga faili.

Msije mkadhani haikuwezekana kushinda. Miezi ile ile, chama kile kile, mzee mmoja mfugaji wa nyika za Handeni, Saitoti, aliambiwa amekopa dawa ya kuoshea ng'ombe. Mzee hajui kusoma kabisa. Alisema, "Nionyesheni mahali nilipoandika." Wakamwambia arudi Jumatatu. Akasema hapana, nitaiona leo. Akakaa mlangoni na fimbo yake, ng'ombe wanamngoja nje, wanakula maua ya mwenyekiti. Wakamwambia alipe kidogo. Akacheka. Siku ya tatu wakaitoa karatasi, na aliyesaini alikuwa kasaini kwa kalamu, herufi za kiingereza zimelalia upande. Mzee Saitoti akauliza kama kuna mtu pale amewahi kumwona ameshika kalamu. Wakamfuta, na akadai waandike kwamba wamemfuta, na akadai muhuri, na akapeleka nakala kila josho la wilaya ili asiulizwe tena. Habari hii nilisimuliwa na karani wa pale pale, akilalamikia maua. Mfugaji asiyejua a wala be alifanya yote yanayotakiwa, na mimi mwenye darasa la nane nikamtuma mtu akauze mbuzi.

Baada ya hapo Mwinjuma alianza kuitwa Mla Plau. Watoto wake waliitwa hivyo kisimani. Mbegu hapati. Jirani akitaka mdhamini, anapita mlango wa Mwinjuma kama hauoni. Shamba la baba yake alililima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe, pembeni wenzake wanalima kwa ng'ombe. Haya sikuyaona kwa macho, lakini niliyajua, maana malori yalikuwa yanaleta habari, nami nilikuwa nauliza. Kila mara niliuliza, na kila mara nilirudi mezani kwangu kujaza vyumba.

Kisha ukaja wakati wa kuhamishiwa vijijini. Wilaya ikaazima makarani kutoka mashamba ya mkonge kwenda kuandikisha watu, na mimi nikapelekwa kwenye kijiji kipya karibu na Mkumbara, barabara ya Moshi. Meza iliwekwa chini ya turubai. Mkono wangu wa kulia kuna daftari la kijiji, mkono wa kushoto orodha ya wadaiwa sugu wa vyama vyote. Nilikuwa nimeagizwa kulinganisha kila jina kabla ya kuandika. Jina la Mwinjuma lilikuwa ukurasa wa pili. Siku mbili nzima nilikuwa nalifunika kwa kikombe.

Siku ya tatu nikainua kichwa nikamwona amesimama mbele yangu. Mke wake alikuwa wa kule, walikuwa wameamua kuhamia kwa wakwe. Kovu la nyusi lilikuwa pale pale, na nywele za pembeni zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijamtambua. Hakunisalimu. Nikasema shikamoo.

"Marahaba, karani. Andika."

"Jina?"

"Saidi."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameketi karibu, anagongagonga sanduku la soda kwa vidole. Niliandika Saidi.

"Jina la baba?"

Mkewe nyuma yake akainamisha uso. Nilimwona Mwinjuma anavyojaribu kutafuta jina lolote, na halimjii, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi anatafuta jina la baba. Mwishowe aliinama mezani, akasema taratibu, tusikie mimi na yeye tu.

"Baba yangu nilikwenda kumzika, jina lake nikakuachia wewe. Sasa weka lolote, karani. Si wewe ndiye unayewafahamu watu vyema?"

Alikuwa anayajua maneno ya barua yangu. Walimsomea kwenye kamati.

Kalamu ikakaa hewani. Nyuma yake kuna foleni, kama siku ile nyingine. Nikaandika jina pekee nililokuwa na haki ya kulitoa. Niliandika Mdoe. Ni jina la baba yangu mzazi. Mwinjuma hajui kusoma vizuri, akaweka dole gumba, akasogea pembeni. Sikumsomea. Hata hilo nililifanya bila kumuuliza.

Baadaye mjumbe akaanza kuita watu waonyeshwe viwanja. "Saidi Mdoe!" Hakuna aliyeitika. "Saidi Mdoe!" Mwinjuma akageuka, akaniangalia pale mezani. Sijui alichokiona usoni kwangu. Kisha akasema, "Yupo," akachukua jembe lake akamfuata mjumbe.

Alipata mbegu mwaka ule. Nasikia alikuja kuwa hata mjumbe wa kamati ya shamba la kijiji. Hatukuonana tena. Nilipostaafu, na nyumba ya kampuni ikawa si kitu cha kuogopea tena, niliandika barua ile ya mistari miwili, nikaipangia safari kila mwaka, na kila mwaka nikapata sababu. Alipofariki nilikwenda kuzika. Shehe alimtaja mwana wa Mdoe. Mimi nilikuwa safu ya nyuma, nikasema amina pamoja na wenzangu.

Zuhura tulikwenda naye asubuhi yake, kituo cha polisi kwanza, kisha kwa wenye mtandao wa simu, kisha kwa wale waliokopesha, na kila mahali tuliacha karatasi na kuondoka na karatasi. Aliona aibu kutembea na mzee mwenye fimbo anayedai muhuri kila dirisha. Ataizoea.

Lakini ninyi ndio niliotaka mnisikie, ninyi akina Mdoe wa kijijini kule Mkumbara. Mmekuwa wengi sasa, mna walimu na mafundi, na mkinikuta sokoni Korogwe mnaniamkia mkiniita babu wa ukoo. Mwaka jana mmoja wenu aliniuliza mbona makaburi ya akina Mdoe hayana mtu wa kwenu hata mmoja. Nilimwambia niko na haraka. Jibu ni hili. Si wa ukoo wangu ninyi. Babu yenu ni Mwinjuma, mwana wa Mndolwa, wa Handeni. Mama yake ni Mwanahawa. Alikuwa na kovu nyusi ya kushoto, na daftari lililoandikwa hivyo ninalo, njooni mlichukue. Ile plau hakuikopa. Ninamfahamu vyema.